Shahidi wa Ukoo

Mdogo wangu Yesaya aliwaita watu wa ukoo waje Jumamosi kushuhudia wosia wake, na wote wakaja mapema. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Ukoo wetu hauwahi mapema hata kuzika.

Jumapili alfajiri gari lilikuwa lije kumchukua kumpeleka Mbeya, na Jumatatu apasuliwe tezi dume. Daktari alimwambia ni upasuaji wa kawaida. Yesaya akamjibu kwamba ni wa kawaida kwa anayeshika kisu, akarudi nyumbani Hasamba, akanunua karatasi, akampigia simu wakili wa Vwawa. Mdogo wangu hajawahi kuogopa kitu mpaka aelezwe kwamba hakina madhara.

Mimi nilipanda kutoka Ileje tangu Alhamisi na debe la maharage, kwa sababu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nilimkuta Tumpale, binti yake, anamwosha baba yake miguu kwenye beseni. Tumpale aliolewa Tunduma. Mume akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Tumpale akarudi kwa wazazi, akamuuguza mama yake mpaka tukamzika, sasa anamuuguza baba. Katika nyumba ile hakuna sufuria ambayo haijui mkono wake.

Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa shida. Kaka yake, Rabson, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Tunduma na ana tumbo la kazi hiyo. Mwezi uliopita alikuja na mgeni, wakapima kiwanja kwa futi kamba kutoka choo hadi barabarani, wakati baba yake amekaa kibarazani anawaangalia. Tumpale alipouliza, Rabson alimwambia asijali, mambo ya baadaye yatapangwa, na yeye atatafutiwa utaratibu. Mwanamke akishaambiwa atatafutiwa utaratibu, aanze kufunga mizigo. Yesaya akaelewa hivyo hivyo. Ndipo alipokata kauli kuandika kwamba nyumba na shamba la karibu ni vya Tumpale, na Rabson apate shamba la juu, ambalo kwa kweli ni kubwa kuliko mtu anayekaa Tunduma anavyohitaji.

Hayo ya nyumba aliniambia mwenyewe, Alhamisi ile ile. Ya kijitoni hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Lazima niseme habari ya kijitoni, vinginevyo hamtanielewa. Nyuma ya nyumba ya Yesaya, shamba linaposhuka kwenda kwenye maji, kuna mibuni tuliyoipanda mimi na mama nilipokuwa msichana. Mashimo nilichimba mimi. Baba alisimama pale juu, akasema kahawa hii ni ya Ferista. Alisema kwa sauti, na watu walisikia. Alipokufa, kikao kilikaa, wazee wakasema msichana ni mtu wa kwenda, akipanda mti anaupanda kwenye udongo wa ukoo, na mti hufuata udongo wake. Yesaya wakati huo alikuwa kijana anayeota ndevu. Alikuwa ndani ya kikao. Akapewa kahawa yangu, akaipokea, na tangu hapo kila msimu ananitumia gunia moja bila kusema ni la nini. Mimi nalipokea bila kuuliza. Tumeishi vizuri hivyo.

Kwa hiyo nilipanda Hasamba kumuuguza mdogo wangu, ndiyo. Lakini pia nilikuwa na tumaini. Nilitaka jina langu liwe kwenye karatasi ile. Nilikuwa na hamu nayo kama mtoto anavyotaka nguo ya Krismasi, nikawa naona haya kwa umri wangu, na haya haikupunguza kitu.

Basi Jumamosi wakaja. Wa kwanza alikuwa mzee Anyelwisye, mkubwa wa ukoo, ambaye amekuwa akimsifia Yesaya lile dume lake la ng'ombe kwa miaka kadhaa, kila mara kwa maneno yale yale. Akaja Osea, mtoto wa baba yetu mdogo, ambaye kabla ya kusalimia alipita nyuma ya nyumba kuitazama mashine ya kumenyea kahawa kama bado inazunguka. Akaja Mika, mtoto wa marehemu mdogo wetu, akaegesha baiskeli yake karibu kabisa na pikipiki ya Yesaya, vikasimama sambamba. Wote walivaa nguo za ibada. Kwetu ukiitwa kwenye jambo umeitwa kupata, iwe nyama, iwe maneno. Hakuna aliyewahi kuitwa kushuhudia tu, akarudi nyumbani hivi hivi.

Rabson alikuja wa mwisho na gari la kukodi, anaongea na simu kwa Kibemba. "Eya mukwai, eya mukwai," ndiyo bwana, ndiyo bwana, alikuwa anamwambia mtu wa upande wa pili, akapita katikati yetu akitikisa kichwa, akaketi kiti kikubwa. Wanaume wakajaa sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango wa jikoni. Sikulalamika. Pale mtu anaona wote na hakuna anayemwona.

Jirani alikuwepo pia, Barnaba, mzee wa kanisa, mtu ambaye si wa ukoo wetu na anamshukuru Mungu kwa hilo waziwazi.

Wakili aliitwa Erica. Alikuwa binti mdogo, viatu vyake vimejaa matope ya Hasamba mpaka kwenye kisigino, na hakuvisema vibaya. Alikunywa chai ya Tumpale, akala gimbi moja zima, akapangusa mikono. Nilimpenda kwa gimbi lile. Kisha akasimama.

"Mzee ameandika wosia wake kwa mkono wake, mimi nimeusoma, uko sawa," alisema. "Kilichobaki ni kusaini. Mzee anajua kusoma na kuandika, kwa hiyo tunahitaji mashahidi wawili, nao wajue kusoma na kuandika. Mmoja awe wa ukoo, mmoja nje ya ukoo. Wote wawili wawepo wakati mmoja, wamwone akisaini kwa macho yao, nao wasaini mbele yake. Kilichoandikwa ndani si lazima wakijue."

Wanaume wakaitikia. Osea alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Na jambo moja," alisema wakili. "Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu kwenye wosia huu."

Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

"Kwa hiyo anayesaini hapati?" aliuliza Osea.

"Hapati."

"Hata kidogo?"

"Hata huyo kuku."

Osea akairudisha kalamu mfukoni taratibu, kwa upole.

Barnaba alijitolea palepale kuwa shahidi wa nje. Alisema yeye kwa Yesaya hatarajii kitu isipokuwa panga lake mwenyewe alilomwazima mwaka juzi. Wakili akaandika jina lake. Sasa tukawa tunatafuta mtu mmoja wa ukoo, katika chumba kilichojaa ukoo.

"Mzee Anyelwisye," alisema Yesaya kutoka kwenye kiti chake, na blanketi magotini, "wewe ndiye mkubwa wetu. Nisaidie."

Anyelwisye aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo kwa muda, na nikadhani anaomba.

"Ningesaini kwa moyo wote," alisema. "Lakini sijui kusoma."

Jumapili iliyopita mzee Anyelwisye alisoma somo la kwanza kanisani, kutoka kitabu cha Hesabu, majina yote ya makabila na idadi zao, tena bila miwani. Barnaba, aliyekuwa amempangia zamu hiyo, alimtazama kwa mshangao mkubwa. Mtu mzima akisema hajui kusoma, utamfanya nini, utampa mtihani?

"Osea," alisema Yesaya.

Osea akauonyesha mkono wake wa kulia. Alisema umeteguka tangu juzi. Kwa mkono huo alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichojaa, na alipogundua tunakitazama, alikihamishia mkono wa kushoto, akakunja sura kwa maumivu.

"Mika, mwanangu."

Simu ya Mika haikulia, lakini aliipokea. Alisema "Haloo, haloo, mtandao," akatoka nje kuutafuta mtandao, na huo ukawa mwisho wake. Aliingia mitini mchana kweupe, na baiskeli akaiacha pale pale ilipo.

Yesaya aliagiza apigiwe Ipyana, mtoto mwingine wa baba mdogo, anayechimba dhahabu upande wa Mkwajuni. Tumpale akapiga, akaweka sauti tusikie wote. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Yule mama wa kwenye simu akarudia maneno yake kwa adabu ile ile.

Sasa nitasema kitu kuhusu hao wanaume, maana nilikuwa na hasira nao, na bado ninayo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamchukia Tumpale. Wangeulizwa, wangesema ni binti mzuri, anapika vizuri. Walikuwa wanalinda dume, mashine na pikipiki, vitu ambavyo hakuna aliyewaahidi. Kusaini kulikuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba hukukumbukwa, na hilo mtu mzima hawezi. Afadhali ajiite mjinga au kilema.

Rabson alikohoa. Yeye hakuguswa na jambo hili, mtoto wa kiume ni mrithi, na alikuwa anafurahi kwa namna ya mtu anayesikitika.

"Mama wakili," alisema, "naona hali yenyewe ndiyo hii. Si tuahirishe? Baba akapasuliwe kwanza kwa amani. Akirudi tutakaa kama familia."

"Na asiporudi?" aliuliza Tumpale.

Alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Hakuuliza kwa ukali. Rabson alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea.

"Usimtabirie baba mabaya," alisema. "Na kama ni mipango ya Mungu, ukoo upo. Ukoo utakaa."

Ukoo utakaa. Nilijua ukoo ukikaa unafanya nini. Nilimwona Tumpale anaangalia kuta za sebule ile moja baada ya nyingine, kuta alizozipiga chokaa mwenyewe.

Wakili aliufunga mkoba wake nusu. "Bila shahidi wa ukoo," alisema, "mimi siwezi kuwadanganya. Wosia huu utapingwa, na utaanguka."

Na mimi nilikaa kimya, pale kwenye kigoda. Nilinyamaza kwa sababu ile ile iliyowanyamazisha wao. Nami nilikuwa na dume langu, ila langu lilikuwa mibuni. Lakini birika lilikuwa linatetemeka mkononi mwa yule mtoto, kifuniko kinagonga-gonga, na ile sauti sikuiweza.

"Mama wakili," nikasema, "mtu wa ukoo ni nani?"

Wote wakageuka. Anyelwisye alijibu kabla hajaulizwa. "Ni mtu wa ukoo," alisema.

"Nauliza kisheria."

"Ndugu wa damu, upande wa baba," alisema wakili. "Mwanamume au mwanamke." Halafu akanitazama mimi, akamtazama Yesaya, na uso wake ukabadilika kidogo.

Nikasimama. "Mimi ni mtoto wa Nzunda," nikasema. "Nimezaliwa kabla ya Yesaya, tumbo moja. Kusoma nilisoma Mbozi Mission. Leteni kalamu."

"Hapana," alisema Yesaya.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Si wewe, dada. Kaa."

Kaa! Damu ikanipanda kichwani. Maneno yale yale. Nilijiona tena msichana wa mashimo, nimesimama nje ya kikao, naambiwa mimi ni mtu wa kwenda. Nikamwambia mdogo wangu, mbele ya wakili na mzee wa kanisa, kwamba nilimbeba mgongoni, nilimfuta kamasi, na kama mimi si wa ukoo basi na huo mgongo haukuwa wa ukoo, na atafute ukoo wa kumbeba kesho kumpeleka garini. Nilisema na mengine. Barnaba aliangalia dari.

Yesaya hakukasirika. Alikuwa anapapasa blanketi.

"Ferista," alisema, "huwezi kusaini. Wewe huwezi."

Nilimwangalia wakili. Wakili alikuwa anaisoma bahasha ya wosia, ambayo juu yake haikuandikwa kitu. Ndipo nikaelewa, na naamini wote walielewa sekunde ile ile, kwa sababu Osea alisema "Ahaa" na Anyelwisye akamgusa na fimbo anyamaze. Jina langu lilikuwemo.

Nikakaa. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakaziba, nikawa naona midomo ya watu inacheza bila sauti. Kaniandika! Yesaya kaniandika! Furaha hiyo ilidumu kama mtu anavyovuta pumzi moja ndefu. Nilipoishusha, Tumpale alikuwa bado mlangoni na birika lake. Hakunisihi, hakuniangalia hata. Alikuwa anaangalia sakafu, kama mtu ambaye ameshaanza kuiaga.

Niliomba watu watoke nje. Walitoka kwa shida, hasa Osea, ambaye mkono ulipona akabeba sahani ya magimbi. Tukabaki mimi, Yesaya na wakili.

"Ni ile ya kijitoni?" nikamuuliza.

"Ile."

"Yote?"

"Mpaka kwenye maji."

"Itoe," nikasema.

"Sitoi."

"Yesaya, itoe, uandike upya. Mpe Tumpale na hiyo, iende na shamba la karibu. Mimi nisaini."

"Unajua nimechukua muda gani kuandika mstari ule?" aliuliza. "Niliandika nyumba, niliandika shamba la juu, nikafika hapo nikalala. Asubuhi ndiyo nikamaliza."

"Miaka yote hii kalamu zilikuwepo," nikamwambia.

Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na nikajuta kidogo, si sana.

Wakili alisema kuna njia nyingine. Mzee anaweza kunipa akiwa hai, kwa maandishi, wala haihitaji wosia. Lakini lazima jambo hilo lipite serikali ya kijiji, na ofisi imefungwa mpaka Jumatatu, na ukoo uridhie. Wote watatu tukachungulia dirishani kuutazama ukoo. Ulikuwa umesimama uani unakula magimbi, na Mika alikuwa amerudi kuchukua baiskeli.

"Nikitoka Mbeya salama nitakupa kwa mkono," alisema Yesaya. "Naapa."

"Usimwekee Mungu masharti. Andika."

"Na usipopata kabisa?"

"Nitakuwa nilivyokuwa jana," nikasema. "Yule mtoto hatakuwa alivyokuwa jana. Atakuwa barabarani na sufuria."

Yesaya akalia. Hakutoa sauti, machozi tu yalishuka akayaacha. Wakili alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mimi sikulia wakati huo. Nilikuwa na kazi.

"Ila nina sharti langu," nikasema. "Nataka iandikwe kwamba niliipanda mimi. Basi. Sitaki kupewa. Nataka iandikwe tu kwamba mimi na mama ndio tulioipanda."

Wakili alifikiri. "Sentensi hiyo haigawi kitu," alisema. "Kisheria haina kazi yoyote."

"Ina madhara?"

"Hapana. Haina madhara wala kazi."

"Basi iandikwe. Katika ukoo huu haitakuwa ya kwanza kukaa bila kazi."

Yesaya aliomba karatasi mpya. Anaandika polepole, kila herufi anaisimamisha kabla ya kwenda nyingine, na alilazimika kuandika yote upya tangu mwanzo, kwamba yeye Yesaya Nzunda ana akili timamu na hakushurutishwa na mtu. Hapo aliniangalia. Mimi nilikaa mlangoni nimewapa mgongo, kwa sababu wakili alisema shahidi hahitaji kujua yaliyomo. Nje jua lilishuka hadi kwenye migomba. Rabson alipita mara kadhaa karibu na dirisha akiongea na simu, na sidhani kama upande wa pili kulikuwa na mtu. Ile karatasi ya kwanza wakili aliichana vipande vidogo, na Yesaya akavitia mfukoni mwake.

Alipomaliza, wakili alisema waingie Barnaba na mimi, inatosha.

"Waingie wote," alisema Yesaya.

Wakaingia. Rabson alipoona kalamu mezani aliuliza nani atasaini, na wakili akamwambia shangazi yake. Akaniangalia. "Shangazi, umefikiri vizuri?" aliuliza. "Maana ukisaini, wewe hupati kitu." Alisema kwa huruma, kama mtu anayemzuia mzee asivuke barabara. Nikamwambia nimezoea, na nina uzoefu mwingi kuliko yeye.

"Kabla sijasaini," alisema Yesaya, "kuna mahali nitasoma. Mahali pamoja tu."

Wakili alisema si lazima. Yesaya alisema anajua si lazima. Akavaa miwani. Tumpale aliweka birika chini. Nilitegemea kusikia ile sentensi yangu moja, ya kupanda, nikajiandaa kuisikiliza bila kuonyesha uso.

"'Kahawa iliyo kijitoni,'" alisoma, "'ilipandwa na mama yangu na dada yangu Ferista. Mimi nilikuwa mdogo, nilibeba maji. Baba alisema ni ya Ferista. Kikao kilipoichukua nilikuwepo, nilikuwa na mdomo, nikanyamaza. Naiacha kwa binti yangu Tumpale, kwa ruhusa ya mwenyewe.'"

Akasimama hapo. Rabson aliuliza mwenyewe ni nani.

"Huyo pale," alisema Yesaya, akanionyesha kwa kidole.

Wakili alifungua mdomo kusema jambo, nadhani kuhusu neno hilo, mwenyewe, kwamba limekaa vibaya kisheria. Alitazama karatasi, akatutazama, akaufunga. Mzee Anyelwisye, ambaye alikuwa kwenye kikao kile cha zamani na ndiye aliyesema habari za mti na udongo, alianza kutafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani.

Yesaya akasaini. Mimi na Barnaba tulimwangalia akisaini, wote wawili, wakati mmoja, kwa macho yetu, kama sheria inavyotaka. Barnaba akasaini, akaongeza na tarehe kwa maneno. Kisha kalamu ikaja kwangu. Wakili alinionyesha mstari, akaniambia chini yake niandike jina kamili na uhusiano wangu na mzee.

Sikuandika haraka. Niliandika Ferista Nzunda, ndugu wa ukoo, kwa herufi kubwa za kusomeka, mbele ya wanaume wote wale, na mkono mwingine Tumpale alikuwa ameushika. Hapo ndipo nililia, nikiwa naandika, na sikuona sababu ya kujificha.